Redio ya asili kwenye gari la zamani: ing'olewe au ibaki?

Kijana wa Kizota
Wakuu, heshima kwenu. Hapa Dodoma magari ya zamani yanafufuliwa vizuri, Peugeot 504, Land Rover 109, Land Cruiser za miaka ya 80. Rangi safi, viti vipya, halafu katikati ya dashibodi kuna tobo la msumeno na redio ya skrini inayowaka kama disko. Kwangu huo ni uharibifu. Redio ya nobu mbili (vishikio viwili vya kuzungusha) ni sehemu ya gari kama usukani ulivyo. Ibaki. Anayepinga alete hoja.

Mama Spika
Napinga. Redio nyingi za umri huo kutoka Ulaya zina mawimbi ya kati na marefu tu, na stesheni za mjini karibu zote ziko FM. Unabaki na pambo. Gari ni la kusafiria, na Dodoma hadi Kondoa si njia ya kwenda umenyamaza kwa ajili ya heshima ya nobu.

Fundi Lehemu
Dada, ipo njia ya katikati. Fungua redio, tafuta mguu wa juu wa potenshiometa ya sauti (kile kifaa kinachozungushwa na nobu ya sauti), ule unaopokea kutoka kwenye kitengo cha kunasa stesheni. Kata njia hapo, weka swichi ndogo. Upande wa pili leta kipokezi cha Bluetooth: kushoto na kulia kila kimoja kipite rezista ya kiloomu 1, viungane, halafu kapasita ya mikrofaradi 4.7, ndipo uingie kwenye potenshiometa. Usiunganishe kushoto na kulia bila rezista, vitapigana. Na kipokezi kipewe volti 5 kutoka kwenye kigeuzi ambacho hasi yake haijaungana na ya betri. Ukipuuza hilo utasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta.

Bodi Chanya
Fundi, umesahau jambo linalounguza gari. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 60 zina chanya kwenye bodi, yaani waya wa chanya wa betri ndio umefungwa kwenye chuma cha gari, si wa hasi. Ukifunga kipokezi cha kisasa chenye kasha la chuma, hasi yake ikagusa dashibodi, fyuzi inakwenda. Kama hakuna fyuzi, waya unakwenda. Anayetaka kugeuza gari liwe hasi kwenye bodi ageuze betri, ageuze waya za koili ya cheche na za ammita (kipima mkondo wa umeme), kisha aikumbushe dinamo upande mpya wa umeme: toa waya za D na F kwenye dinamo, gusisha chanya ya betri kwenye F kwa nukta moja tu, cheche ndogo, basi. Na redio yenyewe ya asili? Baadhi zina plagi ya kugeuza nyuma. Isiyo nayo, transista zake za madini ya germaniamu zinakufa siku hiyo hiyo.

Sauti ya Nkuhungu
Haya yote ni kwa sababu mafundi wetu wamezoea ekspanda, kile kiboksi cha kuisaidia redio ya Japani ishike FM ya kwetu. Mtu anabandika kiboksi cha plastiki nyuma ya redio ya Japani anajiita fundi.

Fundi Lehemu
Kaka, hapo umetukosea. Ekspanda si ujanja wa mtaani, ni hesabu. Redio ya Japani ya zamani inashika FM ya megahezi 76 hadi 90, sisi stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Kiboksi kina kristali, kinashusha masafa. Kristali ya megahezi 20 inaleta 98.4 kwenye 78.4. Nani kati yenu ana njia rahisi zaidi kwa mwenye Land Cruiser anayetaka redio yake ya asili ibaki?

Sauti ya Nkuhungu
Hesabu hiyo hiyo inakusuta. Kristali ya 20 inakupa kuanzia 96 kwenda juu. Kati ya 90 na 96 ni kaburi.

Mama Spika
Na kristali ya 12 inakupa 88 hadi 102, juu ya hapo hupati. Tena stesheni ya 100 inatua kwenye 88, na kama kuna stesheni ya 88 yenyewe inapenya moja kwa moja na kuikalia. Watu husema redio imeharibika kumbe ni stesheni mbili kwenye kiti kimoja.

Bodi Chanya
Wakuu, nimeonya, na sasa nauliza: nani amekagua bodi ya gari kabla ya kufunga?

Fundi Lehemu
Mkuu, Land Cruiser haina chanya kwenye bodi. Turudi kwenye ekspanda. Nakubali za bei rahisi zina koili badala ya kristali, na jua la Dodoma likipiga dashibodi masafa yanahama. Lakini lawama nyingi si zake. Magari mengi ya Japani antena imechorwa kwenye kioo, na ina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Ukifunga redio nyingine bila kulisha kikuza hicho kwa waya wa bluu, utapokea kelele hata ukiwa umeegesha chini ya mnara. Halafu ekspanda inasemwa.

Sauti ya Nkuhungu
Nisikilize vizuri, sijasema mafundi wote. Nimesema wanaobandika na kuondoka. Wangapi wanakagua huo waya wa bluu? Wangapi wanajua njano ni umeme wa kudumu na nyekundu ni wa swichi ya gari? Ukizigeuza, redio inasahau stesheni kila ukizima gari, na mteja anauziwa redio nyingine.

Mama Spika
Hapo uko sahihi. Ongeza na hili, maana linaua redio mpya kuliko vumbi: gari la zamani lina spika moja, na mguu wake mmoja umefungwa kwenye bodi. Redio za kisasa karibu zote haziruhusu hilo. Kila spika inataka waya zake mbili, nyeupe na nyeupe-nyeusi, kijivu na kijivu-nyeusi, kijani, zambarau. Hasi ya spika ikigusa bodi, chipu ya sauti inaungua. Na maandishi ya "50W x 4" ni kilele cha tangazo. Nguvu halisi ya mfululizo ni kama wati 20 kwa kila spika. Msinunue sabufa kwa kusoma uso wa redio.

Kijana wa Kizota
Jamani, swali lilikuwa kung'oa au kubaki. 504 yenye nafasi ya redio ya asili ikikatwa tobo la milimita 180 kwa 50, hairudi tena.

Mama Spika
Usikate, mdogo wangu. Amplifaya ndogo yenye Bluetooth inakaa chini ya kiti au kwenye boksi la dashibodi. Ipe umeme kutoka betri kupitia fyuzi yake, iwashwe na rilei kutoka swichi. Redio yako inabaki usoni.

Fundi Lehemu
Na kwa injini ya plutini (kikata umeme kinacholeta cheche), kabla ya kulaumu amplifaya kwa mikwaruzo, kapasita ya mikrofaradi 1 ifungwe kwenye chanya ya koili. Si upande wa plutini, utaua cheche na gari halitawaka.

Bodi Chanya
Chanya ya koili kwenye gari la chanya-bodi ni ipi, fundi?

Fundi Lehemu
Mguu unaotoka kwenye swichi, mkuu. Umeuliza vizuri. Na kapasita mwili wake kwenye bodi, rangi ikwanguliwe kwanza.

Sauti ya Nkuhungu
Mwenye ekspanda ya kristali 16 aseme inamlisha nini, tumalize hili.

Fundi Lehemu
92 hadi 106.