Treni ya Mwanza inapigwa kalenda asubuhi ya safari, tiketi za kuunganisha zinatufia mkononi. Nani anatulipa?

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi wa jukwaa, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa nauli, hili ni jambo jingine kabisa.

Nimechoka na sitalainisha maneno. Sisi abiria wa treni wa Kanda ya Ziwa tunachukuliwa kama watu tusio na shughuli. Treni ya kutoka Mwanza ikibadilishiwa siku au saa, habari tunaikuta imebandikwa dirishani asubuhi ya safari. Wakati huo mtu ameshafika na mizigo yake, ameshalala gesti kwa hela yake, ameshakata na tiketi ya chombo cha pili huko mbele. Na hicho cha pili kinaondoka kwa saa yake, kimwache.

Niwaeleze wasiopanda treni hasara inatokea wapi. Ukitoka Mwanza kwa reli ya zamani, safari nyingi ni za kuunganisha. Anayekwenda Kigoma au Mpanda anategemea Tabora. Anayekwenda Dar, tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, wengi wetu tunaishia Dodoma na kupanda SGR, maana pale unaokoa saa nyingi sana. Behewa lenyewe haliwezi kuvushwa na abiria wake ndani, kwa sababu reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na SGR ina milimita 1,435. Kwa hiyo unashuka na mabegi yako, watoto wako, mgonjwa wako, na unaingia upya kwa tiketi nyingine yenye tarehe na saa yake. Ya kwanza ikiteleza nusu siku tu, ya pili ni karatasi.

Halafu kuna wanaoanzia mbali kuliko mimi. Mtu wa Bukoba anapanda meli usiku, anapita Kemondo, anaingia Mwanza asubuhi akiwa hajalala vizuri, ndiyo kwanza aanze safari ya treni. Mtu wa Ukerewe anavuka kutoka Nansio. Wa Sengerema na Geita angalau wamepumua, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko imewaondokea. Watu wa barabara wanapanga safari wakijua watafika lini, sisi wa reli tunapanga kwa kuomba Mungu.

Kilichonifanya nifungue uzi ni safari ya mama yangu mdogo. Alikuja kutoka Kemondo, ana kliniki ya macho Dar, tarehe aliandikiwa miezi mingi nyuma. Tulipanga kwa uangalifu wote. Meli, kisha treni hadi Dodoma, kisha SGR, tukaacha na nafasi katikati kwa ajili ya uchovu. Tiketi ya SGR nikalipia kwa simu. Siku ya safari tunafika stesheni, pale dirishani kuna karatasi ya daftari iliyochanwa, imebandikwa kwa plasta, imeandikwa kwa maka peni: SAFARI YA LEO IMEAHIRISHWA. ABIRIA MTATANGAZIWA. Hakuna tarehe, hakuna saa, hakuna jina la aliyeandika, hakuna muhuri. Juu yake, ukutani, ratiba ya zamani bado ipo, saa zimefutwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine pembeni, nazo zimefutwa.

Nikauliza dirishani. Kijana akaniambia, "Kaka, na sisi tunapewa taarifa kama ninyi. Subirini tangazo." Mama mdogo akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nisubiri hapa au nirudi?" Yule kijana hakuwa na jibu. Simlaumu yeye, amewekwa mbele apokee hasira za watu bila kupewa chochote cha kuwaambia.

Pembeni yetu kulikuwa na mama wa Mwaloni, pale Kirumba, na magunia yake ya dagaa. Alikuwa anawapeleka Manyoni kuwahi siku ya mnada. Manyunyu yalikuwa yanadondoka, magunia nusu yako chini ya paa na nusu nje. Kila baada ya muda anafungua mdomo wa gunia, anazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, anatoa dagaa wachache wa katikati, anawavunja na kuwanusa. Wafanyabiashara wa dagaa mnanielewa. Dagaa akivuta unyevu katikati ya gunia anapata joto, anaota ukungu, na mteja wa mnadani hanunui. Mnada nao hausogezwi kwa sababu treni imesogezwa. Yule mama alikuwa anaona mtaji wake unaharibika mkononi, na hakuna aliyeweza kumwambia kama awarudishe Mwaloni akawaanike au avumilie.

Sasa nakuja kwenye hoja yangu, na ndiyo naomba muijadili.

Sigombi treni kuchelewa. Najua matatizo ya reli hii. Ni njia moja, treni zinapishana stesheni, kwa hiyo treni ya mizigo ikikwama mahali, ya abiria nayo inakaa. Vichwa vinaharibika. Masika yakija, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinapigwa na maji ya mto Mkondoa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliisomba reli pale, wakubwa wote mnakumbuka. Hayo yote naelewa na kila abiria mzoefu anaelewa.

Nachogomba ni kwamba kuchelewa kwetu kunajulikana mapema na sisi tunafichwa. Mabehewa yanayotuchukua Mwanza ni yale yaliyokuja na abiria kutoka huko chini, yanafika, yanasafishwa, yanageuza. Kutoka Tabora hadi Mwanza ni karibu kilomita 380, mwendo wa saa nyingi. Kama treni haijapita Tabora jana jioni, haiwezi kuwa Mwanza leo asubuhi, na hilo halihitaji mtaalamu. Na habari za treni iko wapi zipo, lazima ziwepo, maana kwenye njia moja stesheni moja haiwezi kuruhusu treni iondoke bila stesheni inayofuata kujua. Ama sivyo treni zingegongana uso kwa uso. Reli imefika Mwanza tangu 1928, na miaka yote hiyo mastesheni masta wamekuwa wakipeana taarifa hizo, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Bukwimba, Fela. Kwa hiyo usiku ule sisi tumelala gesti tukisubiri kuche, kuna watu kazini waliokuwa wanajua kabisa kwamba kesho hakuna treni. Hawakutuma hata meseji.

Namba zetu za simu wanazo! Unapokata tiketi unatoa jina, unatoa kitambulisho, unatoa namba ya simu. Ujumbe wa kuthibitisha malipo unaingia papo hapo. Iweje mfumo ujue kunitumia meseji ya kupokea hela yangu, halafu ushindwe kunitumia meseji kwamba nisitoke nyumbani?

Mnataka kujua mimi napangaje safari siku hizi? Kuna kijana anauza chai stesheni ya Tabora. Nina namba yake. Jioni kabla ya safari nampigia, "Mdogo wangu, ya kwenda Mwanza imeshapita?" Ananiambia imepita saa ngapi, au bado, au wamesema kichwa kimeharibika Itigi. Hajawahi kunidanganya. Safari ya mama mdogo simu yake haikupatikana usiku ule, na ndiyo tukakutana na karatasi ya daftari. Muuza chai anajua treni iko wapi, na mwenye tiketi ya halali aliyelipa nauli kamili hajui. Mtu anayehusika na hili ajitokeze hapa anieleze ni kwa nini.

Na hizi mbinu zote za kujihami zina gharama, msizione ni za bure. Wengine wanashauri usikate tiketi ya SGR mpaka treni yako iwe imeshapita Tabora au Manyoni. Ushauri mzuri, ila karibu na sikukuu au shule zinapofunguliwa nafasi zinakuwa zimejaa, unafika Dodoma unakaa. Wengine wanasema weka siku nzima katikati. Sawa, ni gesti, ni chakula, ni bajaji kwenda na kurudi, kwa familia ya watu wanne hiyo ni nauli nyingine. Daraja la kawaida Dodoma hadi Dar lilianza kwa 31,000 kwa mtu mzima. Tiketi nne zikifa, piga hesabu mwenyewe, halafu fikiria ni mvuvi wa Igombe au mkulima wa Malya.

Kuhusu kurudishiwa, hapa ndipo nilipopigwa danadana mpaka nikakata tamaa. Treni iliyoahirishwa wanakusogezea tarehe au wanakurudishia, hilo nakiri. Lakini nikipeleka tiketi ya pili, ile iliyokufa kwa sababu ya ya kwanza, dirisha la Mwanza linasema hiyo si ya kwetu. Nikipiga simu upande wa pili wananijibu abiria hakutokea, safari ilifanyika kama kawaida. Kila mmoja ana haki kwenye karatasi yake na mimi katikati nimeliwa. Reli zote mbili ni mali ya umma, zimejengwa kwa kodi zetu hizihizi. Abiria aliyetoka kwenye moja kwenda nyingine ni abiria yuleyule. Kwa nini ahesabiwe kama mtu mpya kila anapobadilisha behewa?

Mama mdogo tulimpeleka Nyegezi akapanda basi. Amefika Dar miguu imevimba, na kliniki ameikuta imepita. Amepewa tarehe nyingine.

NYONGEZA: Naona wachangiaji wengi mnaandika "si upande basi tu". Nawajibu kwa pamoja. Basi mimi napanda, nina miguu mizima. Mzee mwenye mgongo, mama mjamzito, mtu mwenye magunia matatu, hao treni ndiyo usafiri wao, wanaweza kusimama, kunyoosha miguu, kulala. Na kuna watu wa Bukwimba, Mantare na Malampaka ambao stesheni iko karibu na nyumbani kuliko stendi ya basi lolote la Dar. Hao wanakaa kando ya reli na mizigo usiku kucha, pale hata hiyo karatasi ya daftari haipo.

Mwingine ameandika tutulie, SGR ya Mwanza–Isaka inakuja. Ndugu yangu, naiombea ifike kuliko wewe. Jiwe la msingi liliwekwa 2021, ni kilomita 341. Lakini fikiria vizuri kipande kimoja kikianza kabla ya vingine. Kama Mwanza–Isaka itafunguliwa wakati Tabora–Isaka na Makutupora–Tabora bado, abiria wa Dar atapanda ya umeme hadi Isaka, ashuke, apande ya zamani hadi Dodoma, ashuke tena, apande ya umeme. Kuunganisha mara mbili badala ya mara moja. Kama leo wameshindwa kusimamia muunganiko mmoja, siku hiyo itakuwaje? Ndiyo maana nasema hili lirekebishwe sasa, kabla reli mpya haijaanza.

Ninachotaka hakihitaji mkopo wa nje. Treni ikichelewa kupita Tabora, kila mwenye tiketi ya Mwanza apate meseji usiku huohuo, iseme iko wapi na inategemewa lini. Tangazo la stesheni liwe na tarehe, saa na cheo cha aliyelitoa. Aliyekata tiketi ya kuunganisha, ya kwanza ikimchelewesha, ya pili isogezwe bila kulipa tena, mradi aonyeshe zote mbili. Na pale Tabora, treni ya Kigoma isiondoke wakati ya Mwanza iko stesheni moja nyuma na abiria wa Kigoma wamo ndani yake. Nimeshawaona watu wanashuka wakikimbia na watoto mgongoni, ile nyingine inaondoka wakiiangalia.

Kwa wasiojua, LATRA, yaani mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, imeundwa kwa sheria ya 2019 na reli zimo ndani ya kazi yake, na kuna baraza la watumiaji, LATRA CCC, la kutusemea sisi abiria. Mimi naandika barua kwa maandishi, napeleka nakala mbili, moja inagongwa muhuri wa kupokelewa inabaki kwangu. Malalamiko ya mdomo yanaishia mlangoni. Lakini barua ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa pembeni, kwa hiyo nawahitaji.

Kama tiketi yako ya pili ilikufa kwa sababu ya ya kwanza, piga picha zote mbili, ziba jina na namba ya kitambulisho, weka hapa na uandike ulianzia wapi na ulikuwa unaunganisha wapi. Nitaambatanisha zote. Na wewe unayekwenda kukata tiketi wiki hii, Mwanza au stesheni yoyote ya njia hii, muulize wa dirishani swali moja, treni nitakayopanda sasa hivi iko stesheni gani? Ukijibiwa au ukinyimwa jibu, njoo uandike, na saa uliyouliza.