Wenye fistula ya Crohn (ule ugonjwa sugu wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda), lile jipu la makalio lisilopona, tupeane uzoefu

Babu Beseni: Wadau, leo kwenye daladala la Mbagala kuna jamaa kasimama njia nzima na siti zimeachia, konda anamwambia kaa, anasema niko poa. Nikamwelewa. Mimi ilianza kama jipu pembeni ya njia ya haja kubwa, linavimba, homa, linapasuka usaha unatoka nasikia nafuu, wiki mbili limerudi palepale. Nikaambiwa bawasiri. Limepasuliwa mara tatu, hospitali tofauti, na hakuna aliyeniuliza habari za tumbo wakati mwaka mzima nilikuwa naharisha na suruali zinanivuka. Daktari wa nne ndo akauliza. Kolonoskopi, ile kamera ya kuangalia utumbo mpana, na MRI ya nyonga, kumbe ni Crohn, njia mbili zimetoboa kutoka kwenye utumbo mpaka kwenye ngozi. Wakanifunga uzi, wanaita setoni, unaning'inia hapo ili njia ibaki wazi usaha usijifungie ndani. Wife alivyouona akajua wameusahau wa operesheni, akaenda kuchukua mkasi anisaidie!!

Mtoto wa Pwani: 😂😂 mkasi tena

Kidume Tabata: Mi nanunua pedi kila wiki, mwenye duka ananisifia eti najali familia.

Mjuaji: Fistula si ya kina mama waliojifungua kwa shida? Nyie wanaume mnatokea wapi

Nesi Mstaafu: Soma uzi kabla ya kujibu. Fistula ni njia isiyotakiwa, inaunganisha kiungo na kiungo au kiungo na ngozi. Ya uzazi ni aina mojawapo tu.

Mjuaji: Uzi upi, huu au ule wa mkasi?

Mama Chanja: Nyie yenu ya nyuma mshukuru. Yangu ilitoboa kutoka utumbo kwenda kwenye kibofu. Nakojoa, mwishoni inatoka hewa, na sauti kabisa kama umefungua soda. UTI haziishi, antibiotiki nimemeza mpaka kijana wa duka la dawa ananiita shangazi, mama yangu akasema nimerogwa tukaenda kwa mganga tukaacha mbuzi huko. Siku moja nimeamka nakojoa kwenye kopo la kipimo naona kitu kinaelea, nakisogeza na kijiti, ganda la harage. Nilikaa chini bafuni nikalia. Walikata kipande cha utumbo, wakaziba kibofu, nikatembea na mpira wa mkojo wiki mbili.

Kidume Tabata: Harage???

Mtoto wa Pwani: Shangazi rudia hapo kwenye kopo

Mama Chanja: Sirudii.

Mbeba Boksi UK: Pole dada. Huku walinitoa usaha kwanza, wakaweka uzi, ndo nikaanza dripu ya infliximab, ya kwanza, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6, halafu kila wiki 8. Kabla ya hapo walinipima TB, maana dawa inashusha kinga, TB iliyojificha inaamka.

Babu Beseni: Mi nilimezeshwa dawa za TB ya utumbo miezi 6 kwanza, eti TB hiyo na Crohn zinafanana.

Nesi Mstaafu: Zinafanana kweli, usiwalaumu sana.

Babu Beseni: Nitalaumu tu.

Kidume Tabata: Antibiotiki za Flagyl na cipro zinapunguza usaha, ukiacha unarudi. Mdomoni ladha ya sarafu, miguu ganzi, na bia marufuku.

Doto Mlonge: Mlonge na asali, paka kutwa mara mbili.

Nesi Mstaafu: Asali pakaa mkate. Kalia maji ya vuguvugu, acha sigara, na usikubali mtu aipasue njia yote bila MRI, akikata msuli wa kubania choo utajuta.

Mjuaji: Maji na chumvi au bila?

Mbeba Boksi UK: Bila.

Kidume Tabata: Na chumvi.

Mtoto wa Pwani: Babu, uzi umeshatoka?

Babu Beseni: Mwezi wa 14 huu, bado upo. Mkasi nimeuficha.

Mgeni wa Usiku: Mkuu nimekuja PM. Hili jipu la tatu, na naharisha tangu Pasaka.