Shambani nje ya Mildura: tubaki na dishi la zamani, tuweke Starlink, au ruta ya laini ya simu?

Mama Asifiwe
Habari za siku nyingi ndugu zangu. Leo nimekuja na kilio. Tangu mwezi wa tatu tumehama mjini, tumepanga nyumba katikati ya mashamba ya zabibu, nusu saa kwa gari mpaka mji wa Mildura hapa Australia. Nyumba nzuri, kodi nafuu, kasoro intaneti. Hata simu inashika barabarani tu, ndani ya nyumba ni nukta moja. Tumekuta dishi la setilaiti juu ya paa, tukachukua kifurushi kilekile alichokuwa nacho mpangaji wa kwanza. Kina mafungu mawili: fungu dogo la mchana na jioni, na fungu kubwa la kuanzia saa 7 usiku hadi saa 1 asubuhi. Hilo dogo likifika tarehe 11 limekwisha. Hawakati, wanapunguza kasi mpaka ukurasa wa shule unafunguka chai imeshapoa. Binti yangu wa mwaka wa 11 anaweka kengele saa 8 usiku ashushe video za masomo. Mtoto anasoma kama mlinzi wa zamu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nikimpigia mama yangu Kasulu kwa video, picha inayoganda ni yangu. Yeye yuko na bando la buku, mimi niko Australia, na yeye ndiye ananiambia, "Mwanangu, toka nje kidogo, huko kwenu mtandao mbovu."

Tuko watu 6. Baba watoto anaangalia mpira, mimi nasoma kozi ya uuguzi kwa mtandao. Nishaurini kwa anayejua, si kwa anayesikia.

Papa Bahati (Wagga Wagga)
Mama Asifiwe, jambo. Weka Starlink, ile intaneti ya setilaiti za chini yenye dishi lake yenyewe, usipoteze wakati. Miye niko nje ya Wagga, huu mwaka wa pili, batoto wanacheza michezo yao, miye naongea na Bukavu kama tuko meza moja. Dishi nililiweka mwenyewe, fundi sikuita. Hakuna kuhesabu gigabaiti.

Ubaya wake niseme pia. Vyombo nilinunua mwenyewe, na malipo yangu ya mwezi yanauma kuliko vifurushi vya kawaida. Halafu dishi linakula umeme, zaidi ya wati 50 mchana na usiku, kwa hiyo kama nyumba yenu iko na sola, piga hesabu. Na inataka kuona mbingu wazi. Mti ukiziba upande mmoja, kila dakika chache inakatika kidogo, unasikia mtu amekatwa neno mdomoni.

Wanjala_Toowoomba
Mimi nilijaribu hiyo ya tatu, ruta yenye laini ya simu. Asubuhi ilikuwa moto kabisa. Ikifika saa 2 usiku kila mtu amerudi nyumbani, mnara ni ule mmoja, basi mnagawana kama githeri ya shule. Na mkiona wameandika "bila kikomo" someni maandishi madogo. Kwangu ilikuwa bila kikomo kweli, ila ukipita kiasi fulani wanakushusha kasi. Hicho ni kikomo kilichovaa suti.

Halafu umesema simu inashika barabarani lakini ndani ni nukta moja. Hapo ushajijibu, dada. Kampuni za simu zinajivunia kufikia zaidi ya asilimia 99 ya watu wa nchi hii, na si uongo. Lakini watu wako pwani na mijini. Ukihesabu ardhi badala ya watu, sehemu kubwa haina mtandao kabisa.

Fundi Waya
Kabla Mama Asifiwe hajatoa hela, tutenganishe vitu ambavyo watu wanavichanganya.

Dishi lako la sasa, kama ni la mtandao wa taifa wa NBN, linaongea na setilaiti za Sky Muster. Ziko mbili, moja ilirushwa 2015 na ya pili 2016. Zimesimama juu ya ikweta karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Neno lako linapanda safari hiyo, linashuka, na jibu linarudi njia ileile. Kwa mwendo wa mwanga peke yake hiyo ni karibu nusu sekunde, na hujaongeza mitambo wala safari ya kwenda Kasulu. Ndiyo maana mnaongea kwa kugongana, "haloo, endelea", "hapana, endelea wewe". Hakuna kifurushi kitakachoondoa hilo. Setilaiti za Starlink ziko kama kilomita 550 tu, kwa hiyo tofauti anayoisikia Papa Bahati ni ya umbali.

Ila kuisha kwa bando ni shida nyingine. Wewe umerithi kifurushi cha kizamani. Tangu 2023 kuna vifurushi vya setilaiti hizohizo visivyo na mafungu ya mchana na usiku, na kasi yake ni kubwa zaidi. Muuzaji hatakupigia simu kukuambia hivyo, unapiga wewe. Kwa masomo ya binti hiyo inaweza kutosha kabisa. Kwa kuongea na mama, hapana.

Sasa swali langu: anwani yenu umeiangalia lini kwenye tovuti ya NBN?

Mama Asifiwe
Sijawahi. Wakala wa nyumba alisema huku ni dishi tu.

Bibi Rukia (Perth)
Wakala wa nyumba! Huyo anajua rangi ya mazulia.

Mie nipo nchi hii tangu 2003. Nyie mmekuta sherehe. Kampuni yetu ya wakati ule ilikuwa ikitupimia gigabaiti chache kwa mwezi kama mafuta ya taa kwa kibaba, na hata picha ulizotuma wewe wanazihesabu. Mwaka 2009 serikali ikatangaza mtandao mpya wa taifa, nyuzi za kioo zifike mpaka ndani kwa asilimia 90 ya nyumba za nchi, baadaye wakasema 93, waliobaki wapewe minara na setilaiti. Tukapiga vigelegele. Mwaka 2013 serikali ikabadilika, mpango ukabadilishwa, ikawa nyuzi zinaishia kwenye kabati la mtaani, kutoka hapo mpaka kwako ni waya uleule wa shaba wa simu ya bibi yako. Ukiwa karibu na kabati unafaidi, ukiwa kilomita moja unasikia harufu tu.

Na wakiulizwa, jibu ni moja: nchi kubwa, watu wachache.

Wanjala_Toowoomba
Lakini Bibi, si ni kweli? Nchi hii ni kama mara 8 ya Tanzania, na watu wake hawafiki hata nusu ya Watanzania. Nani atachimba mtaro wa kilomita 40 kwa ajili ya nyumba 3?

Bibi Rukia (Perth)
Kwa Mama Asifiwe ni kweli. Kwa mie wa kitongoji cha Perth, nyumba ukuta kwa ukuta, ni kweli ya nani? Jangwa limekuwa kisingizio cha mjini.

Fundi Waya
Bibi hapo nakuunga mkono nusu. Waya wa shaba mijini ulikuwa uamuzi wa watu, jiografia haihusiki, na sasa mitaa mingi wanarudi kuubadilisha kuweka nyuzi. Lakini shambani umbali ni umbali.

Mama Asifiwe, nilikuuliza anwani kwa sababu hii. NBN ina minara yake, si hii ya simu za mkononi. Unafungiwa antena juu ya paa ikitazama mnara mmoja. Minara hiyo ilifanyiwa maboresho ya dola milioni 750 yaliyoanza 2022, na mojawapo ya malengo ni kuifikisha mbali zaidi, ili kama nyumba 120,000 zilizokuwa za dishi tu ziweze kuhamia mnara. Ucheleweshaji wake ni mdogo sana ukilinganisha na setilaiti ya juu, na bei mara nyingi iko chini ya Starlink. Kama umo, hiyo ndiyo ningeijaribu kwanza. Usipokuwemo, fuata ushauri wa Papa Bahati, weka Starlink. Ruta ya simu iweke mwisho kabisa.

Kuna pia Regional Tech Hub, wanashauri watu wa vijijini bure na hawauzi kitu. Na usifunge mkataba mrefu wa dishi la sasa: mwaka 2025 NBN walitangaza makubaliano na Amazon ya kuleta setilaiti za chini zichukue nafasi ya Sky Muster.

Papa Bahati (Wagga Wagga)
Fundi, huo mnara jioni haujai watu?

Fundi Waya
Unajaa, sidanganyi. Saa 2 usiku utaona tofauti. Starlink nayo inajaa, ni vile kwenu Wagga mko wachache kwenye hiyo mbingu yenu.

Mama Asifiwe
Jamani. Nimeingiza anwani. Imeandika mnara! Nimepiga simu kwa muuzaji mwingine, si yule wa kwanza, akasema fundi anakuja Alhamisi kupima. Binti ameshazima kengele yake ya saa 8, nimemwambia asubiri kwanza.

Fundi Waya
Vizuri. Toka nje uangalie upande wa mnara. Kuna nini katikati?

Mama Asifiwe
Zabibu, barabara, halafu mkaratusi mmoja mkubwa sana, mrefu kuliko nyumba.

Fundi Waya
Huo mti ndio mtihani. Fundi anaweza kukubali kuinua antena kwa nguzo, au akasema ishara haipiti. Na kutoboa paa kunataka ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Iwe mkononi kabla ya Alhamisi, bila hiyo atageuza gari.

Mama Asifiwe
Mwenye nyumba anaupenda huo mti, alituonyesha siku ya kwanza kabla hata ya kutuonyesha jiko. Bibi Rukia, wewe Kiingereza chako cha barua ni kizuri. Nikuandikie faraghani?

Bibi Rukia (Perth)
Andika. Ila mti usiutaje, omba nguzo ndefu.