Naomba ushauri: nusu msimu wa besiboli, timu naipimaje?

Wakuu, habari zenu. Niko Moshi, nafuatilia ligi kuu ya besiboli ya Marekani kwenye simu, mechi nyingi zikianza saa nane usiku kwetu. Timu yangu imefika nusu ya mechi 162 na msimamo unaridhisha. Ila tukishinda ni kwa mkimbio mmoja (yaani pointi moja), tukipoteza tunapigwa kumi. Juzi mrushaji wetu wa kwanza, yule anayeanza mechi akiwarushia wapigaji mpira, alitolewa mapema kabisa, bega limechoka.

Kijiweni Majengo wanasema nitazame msimamo tu, kama ligi yetu ya soka ya mechi 30. Mimi naamini zaidi tofauti ya mikimbio, yaani tuliyofunga ukitoa tuliyofungwa. Lakini timu ya Washington Nationals mwaka 2019 walianza na ushindi 19, vipigo 31, wakabeba ubingwa! Wenye uzoefu, nipime kwa kipi?