Mjadala: Anayehama kutoka chuo cha jamii California ili asome biashara, afuate jina la chuo au masomo yake?

Ndugu zangu mnaolea watoto huku California, nanyi vijana mlioko kwenye vyuo vya jamii (community college), naomba tulijadili hili kabla dirisha la maombi la Oktoba halijafunguliwa.

Kwenye vikao vyetu, iwe harusi au msiba, ushauri ni mmoja: kijana akimaliza miaka 2 ya chuo cha jamii ahamie Berkeley au UCLA, vyuo vyenye jina vya mfumo wa University of California (UC), kwingine ni kupoteza muda. Kwa anayetaka shahada ya biashara, naupinga ushauri huo.

Tuanze na UCLA. Wazazi wengi hawajui kwamba haina shahada ya kwanza ya utawala wa biashara. Anderson, shule yake ya biashara inayosifiwa, ni ya wanaosoma MBA na ngazi nyingine za juu. Kwa shahada ya kwanza kuna Business Economics, ambayo kwa sehemu kubwa ni uchumi, na hesabu zake si haba. Ni shahada nzuri, ila kijana anayetaka masoko au usimamizi wa wafanyakazi hatakipata alichokifuata.

Berkeley ina shule yake ya biashara, Haas, na Haas ni biashara kwelikweli. Lakini anayehama huomba Haas moja kwa moja. Akikubaliwa Berkeley kwa fani nyingine akitumaini kuhamia Haas baadaye, hana njia. Nimewasikia watu wazima wakimwambia kijana aingie tu kwanza, mengine atajipanga akiwa ndani. Kwa Haas, ushauri huo unamuumiza mtoto.

La kuangalia mapema ni hili: masomo aliyokwisha kusoma yanapokelewa wapi, na yanahesabiwa kama nini? Uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, uchumi wa mikro na makro, takwimu, sheria ya biashara, kalkulasi. Somo laweza kupokelewa kama uniti (vipimo vya uzito wa masomo) za kujazia idadi tu, bila kutimiza sharti lolote la shahada, na mtu akajikuta analirudia kwa pesa na muda ambao hana. California ina vyuo vya jamii 116, na mapatano yao na vyuo vikuu hayafanani. Tovuti ya ASSIST inayaonyesha bure, chuo kwa chuo, somo kwa somo. Nawasihi vijana: nendeni kwa mshauri na ukurasa huo mkononi tangu muhula wa kwanza. Muhula wa nne mtakuwa mmechelewa.

Kisha kuna dhamana. Kwa sheria ya mwaka 2010, anayemaliza ile shahada ya uhamisho ya chuo cha jamii, ADT (Associate Degree for Transfer), anahakikishiwa nafasi katika mfumo wa California State University (CSU), ingawa si lazima iwe chuo anachokitaka, na kwenye fani inayolingana humaliza shahada ya kwanza kwa kuongeza uniti 60 tu. Upande wa UC kuna TAG, mpango wa kumhakikishia anayehama nafasi akitimiza masharti, katika vyuo hivi: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Huombwa Septemba, kwa chuo kimoja tu. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo.

Msimamo wangu: kwa kijana anayefanya kazi za usiku na bado anatuma pesa nyumbani, CSU ya karibu yenye fani anayoitaka iwe chaguo la kwanza. Fullerton, Long Beach, Northridge na San José State zina ithibati ya AACSB, chombo cha kimataifa kinachopima ubora wa shule za biashara, ileile iliyo nayo Haas, na ada yao ni takriban nusu ya ile ya UC. Anayepinga, karibu.

Mchangiaji: Kaka, sikubaliani nawe. Umeacha msaada wa fedha. Mkazi wa California mwenye kipato cha chini akijaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, kwa wakati, mpango wa UC uitwao Blue and Gold unahakikisha ada yake ya masomo inalipwa yote. Hoja yako ya nusu ada inaishia hapo. Na jina lina kazi yake. Anayelenga benki za uwekezaji, Haas itamkutanisha na watu ambao CSU ya mtaani itachukua muda kumfikishia. Tusiwazoeshe watoto wetu kujipunguza.

Mleta mada: Hoja ya Blue and Gold ni ya kweli, na kila mzazi aijue. Lakini familia hiyohiyo, ikienda CSU, kwa kawaida nayo hupata msaada wa kulipa ada. Kwa hiyo ada tuiweke pembeni kote kuwili, tubaki na kodi ya chumba na chakula. Hapo ndipo mikopo inapoanzia. Anayeishi kwa wazazi Hayward akasoma Cal State East Bay, CSU ya hapohapo Hayward, hana mzigo wa anayepanga chumba Berkeley.

Anayetaka benki za uwekezaji aombe Haas, tena kwa nguvu zote. Maombi ya UC na CSU hutumwa mbalimbali, kwa hiyo atume yote. Ninachokataa ni kijana kukosa Haas na UCLA halafu akae mwaka mzima nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwambia aombe kwingine.

Nikuulize: kijana amepata Riverside kwa TAG, amepata Fullerton kwa ADT, wazazi wake wanaishi Anaheim, jirani na Fullerton, na gari ni moja. Wewe ungempeleka wapi?