Mjadala: Vijana wenye ulemavu wa akili na wenzao wasio na ulemavu wawe kikundi kimoja cha maigizo?

Mleta mada

Wanajamvi, salaam. Naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana linawagawa watu ambao wote wana nia njema.

Vikundi vya maigizo vya vijana vimeanza kufungua milango kwa wenye ulemavu wa akili: wenye usonji, wenye Down sindromu, na wengine wanaochelewa kushika mambo kwa sababu ambazo hakuna daktari aliyezipatia jina. Mwanzoni kila mtu hufurahi. Ugomvi huanza wiki za mwisho kabla ya onyesho. Mwongozaji anaona muda unamkimbia. Wazazi wa vijana wengine wananung'unika kwamba watoto wao wanarudia sehemu ileile kila siku. Kijana mwenye ulemavu anapunguziwa maneno kidogo kidogo, hadi siku ya onyesho anakatiza jukwaani mara moja ameshika bendera, na ukumbi mzima unampigia makofi kuliko wote. Makofi yale hunikera. Anapigiwa kwa kuwepo tu, na yeye mwenyewe anajua hakupewa kazi.

Hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wanaosema kila upande uwe na kikundi chake. Wapo wanaosema kutenganisha ni kurudi tulikotoka, enzi za kufungiwa ndani wageni wakija.

Mimi nataka kikundi kimoja, ila kwa sharti: tamthilia ichaguliwe na ratiba ipangwe baada ya kujua nani yumo kikundini, na wenye ulemavu wawepo pale maamuzi hayo yanapofanyika. Ukichagua mswada mrefu wenye mazungumzo ya kasi, ukatangaza tarehe, kisha ndipo ukamwita kijana mwenye Down sindromu "ajumuishwe", umeshamtoa kabla hajaingia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 30, unazitaka nchi ziwape nafasi ya kukuza na kutumia uwezo wao wa kisanaa, si kwa manufaa yao peke yao, bali pia kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya pili tunaisahau. Tunazungumza kana kwamba maigizo ni tiba tunayowapa, wakati mkataba unasema sisi wengine ndio tunaopungukiwa wasipopanda jukwaani.

Karibuni.

Mwongozaji wa vijana

Mleta mada, nimekuelewa, lakini sikubaliani nawe. Naongoza vijana, na nitasema jambo ambalo wengi wetu huogopa kulisema: kijana asiye na ulemavu mwenye kipaji kikubwa naye ana haki ya kukua. Anahitaji mswada mgumu, kukosolewa na mazoezi ya kasi. Nikipanga kila kitu kwa mwendo wa anayechelewa zaidi, huyu atachoka na kuondoka.

Halafu tazameni vikundi vilivyofika mbali duniani. Back to Back Theatre ya Geelong, Australia, ipo tangu 1987. Kiini chake ni waigizaji wenye ulemavu, na kazi wanaziunda wao pamoja na mwongozaji. Mwaka 2022 walipata Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, tuzo kubwa ya maigizo ya Norway, na 2024 tuzo ya Simba wa Dhahabu ya tamasha la maigizo la Venice, Italia, kwa kazi yao ya miaka yote. Compagnie de l'Oiseau-Mouche ya Roubaix, Ufaransa, ilianza 1978, na waigizaji wake hulipwa. Sifa hiyo haikutoka kwenye kikundi cha mchanganyiko cha mtaani. Waliachwa wakuze lugha yao wenyewe ya jukwaani, kwa mwendo wao. Kwa nini mnaliita hilo kutengwa?

Mama wa mwigizaji

Mimi namuunga mkono mwongozaji, ila kwa sababu nyingine.

Binti yangu alikuwa kwenye kikundi cha mchanganyiko. Hakutukanwa wala kusukumwa na mtu. Lakini kila aliposimama kusema, mwenzake alimalizia sentensi yake. Kwa upendo kabisa! Akajifunza kunyamaza, kwa kuwa aliona wenzake wanajua atakachosema kabla yake. Sasa yuko kwenye kikundi cha wenye ulemavu watupu, na wiki hii amegombana na mwenzake kuhusu nani awe malkia. Nilifurahi nikaona aibu kwa furaha ile. Kabla ya hapo hakuwahi kuwa na mtu wa kugombea naye kitu.

Kwa hiyo msituambie sisi wazazi kwamba tunawaficha watoto.

Mwigizaji

Mimi ni mwigizaji. Nina ulemavu wa akili. Naandika na dada yangu kaniangalizia herufi tu.

Nimekuwa kwenye vikundi vyote viwili. Nataka vyote.

Kitu kinachonikasirisha ni kubadilishiwa. Nimeshika maneno yangu vizuri, halafu siku tatu kabla ya onyesho wanabadilisha mlango wa kuingilia. Wenzangu wanasema sawa. Mimi kichwa changu kinaanza upya. Nikikosea wanasema aa, ni kwa sababu ya ulemavu. Si ulemavu, ni mlango.

Msinipunguzie maneno. Nipeni mapema.

Mleta mada

Ndugu mwigizaji, asante. Umeifikisha hoja yangu mbali kuliko nilivyoifikisha mimi. Watu wa jukwaani tunaona fahari kubadilisha mambo hadi dakika ya mwisho, tunauita ubunifu. Mara nyingi ni uzembe wa kutofikiri mapema, na wanaoulipia ni watu kama wewe.

Mama, nimekusoma mara mbili. Sina cha kukupinga kuhusu binti yako, abaki panapomfaa. Naongeza tu kwamba kumalizia sentensi za wenzetu ni tabia inayoweza kuondolewa. Kuna zoezi rahisi: kabla hujasema neno lako jukwaani, unasubiri mwenzako amalize na akuangalie machoni, au akuguse mkono kama kuangalia machoni kunamtesa, maana wengi wenye usonji kunawatesa kweli. Wiki za mwanzo vijana wasio na ulemavu huhangaika sana na ule ukimya. Baadaye uigizaji wao wenyewe hubadilika, kwa sababu wameanza kusikiliza badala ya kungoja zamu. Mwongozaji, hapo nakujibu na wewe. Huyo kijana wako mwenye kipaji, ni wapi pengine atafundishwa kutulia mbele ya hadhira bila kujaza kila pengo kwa maneno? Huo nao ni ugumu, tena wengine hawaufikii hadi uzeeni.

Mbinu nyingine si siri. Maneno hurekodiwa kwa sauti, kijana akayasikiliza nyumbani badala ya kusoma. Mswada huwekwa picha za nani anaingia wapi. Kila mazoezi huanza na kuisha kwa namna ileile. Sehemu nyingine huachwa kwa uigizaji wa papo kwa papo, ambapo mwenye kumbukumbu fupi hana hasara na pengine ndiye anayewashinda wote. Na muda uongezwe. Hilo halina njia ya mkato.

Kuhusu Back to Back, nakubali ni kilele. Ila mfano huo unanisaidia mimi pia, kwa kuwa wewe mwenyewe umesema: kazi wanaziunda wao. Mkao wa kikundi ni jambo moja; nani anaamua ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo zito. Mwaka 2012 Jérôme Bel, Mfaransa wa sanaa ya dansi, alitengeneza onyesho na waigizaji wa Theater HORA ya Zurich, kikundi cha wenye ulemavu wa akili watupu. Kila mmoja alitunga dansi yake, Bel akachagua saba. Ndani ya onyesho lenyewe waigizaji wanaulizwa wanalionaje, na mmoja anaeleza jinsi dada yake alivyolia ndani ya gari akisema wanafanana na wanyama wa sarakasi. Onyesho lilisifiwa, na mmoja wa waigizaji, Julia Häusermann, alipata tuzo ya waigizaji chipukizi ya Alfred Kerr jijini Berlin mwaka 2013. Lakini swali la nani aliyemchagua nani halikuisha, hata kwenye kikundi cha "wenyewe kwa wenyewe".

Mwalimu wa elimu maalumu

Naongeza la haraka kuhusu watazamaji, maana tunawaongelea waigizaji tu. Onyesho la mchanganyiko lenye ukumbi wa giza totoro, milipuko ya sauti na katazo la kunyanyuka halina maana kama ndugu na marafiki wa mwigizaji hawawezi kukaa humo. Taa za ukumbini ziachwe na mwanga hafifu, sauti kali zipunguzwe, mtu aruhusiwe kutoka na kurudi. Hayo hayaharibu tamthilia.

Na ridhaa! Kijana aulizwe mwenyewe kama anataka picha yake isambazwe, kwa lugha anayoielewa, asiulizwe mzazi peke yake.

Mwongozaji wa vijana

Mleta mada, hoja ya kusikiliza nimeipokea, na nitalijaribu lile zoezi. Lakini umepita haraka kwenye neno muda. "Muda uongezwe" ni rahisi kuandika. Muda ni kodi ya ukumbi, ni posho ya msaidizi, ni vijana wanaotakiwa kurudi shule. Wafadhili huhesabu idadi ya maonyesho na idadi ya vijana kwenye picha. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifanya mazoezi kwa miezi mingapi.

Mama wa mwigizaji

Hapo mwongozaji kasema kweli tupu.

Mleta mada

Ni kweli, na nilistahili kukumbushwa. Basi tulipeleke hapo. Anayeomba fedha kwa ajili ya kikundi cha mchanganyiko aandike maonyesho machache na mazoezi mengi, aeleze kwa nini, na akatae fedha zinazodai kinyume chake. Najua kukataa fedha ni kugumu. Lakini tukizipokea kwa masharti yale, tunajua nani atakayepewa bendera.

Wanaosema lazima tushushe kiwango ili muda utoshe, watazame Lima, Peru. Mwaka 2019 mwongozaji Chela De Ferrari wa ukumbi wa maigizo wa Teatro La Plaza aliiandaa Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, na waigizaji wanane wenye Down sindromu. Mmoja wao alikuwa akiwaongoza watazamaji kwenye viti katika ukumbi huohuo. Alipotakiwa kujitambulisha mbele ya wafanyakazi wenzake, alisema yeye ni mwigizaji. De Ferrari alimchukulia kwa uzito, na kazi ilianzia hapo. Swali la Hamlet la kuwa au kutokuwa lilichanganywa na maisha yao wenyewe, na onyesho hilo limezunguka nchi nyingi.

Mwongozaji, nina ombi kwako: kabla hujachagua tamthilia ya msimu ujao, mwite ndugu yetu mwigizaji hapo juu, au mwingine kama yeye kutoka kwenye kikundi chako, akae nawe mezani mnapochagua. Kisha rudi hapa utuambie mlichagua nini.

Mwigizaji

Mimi nataka yenye mfalme. Na mlango usibadilishwe.