Je, jina la bandia linamlinda kweli mkulima anayelalamikia mizani?

Mkulima, Moshi Vijijini
Ndugu zangu, kwa misimu miwili kahawa yangu inapungua kilo kati ya mizani ya nyumbani na ile ya chama chetu cha msingi. Nataka kuyaandika hayo mtandaoni bila kujulikana, kwa kuwa katibu ni jirani yangu na watoto wetu wanasoma darasa moja. Nimefungua akaunti kwa jina la bandia, ila nimeisajili kwa namba yangu ya simu. Je, inatosha?

Fundi simu, Arusha
Ndugu mkulima, jina hilo linakuficha kwa wasomaji tu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zile ambazo hazikuhakikiwa zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo anayeweza kuipata namba yako amekupata wewe. VPN nayo, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine, huificha kampuni ya simu kurasa unazofungua, lakini mwenye VPN huanza kuziona badala yake. Tena Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaoitumia wajitambulishe. Hata hivyo, ninachokuhofia zaidi ni daftari la mapokezi: ukitaja siku uliyopeleka mzigo na kilo zake, katibu atakutambua kabla ya mtu yeyote kugusa kompyuta.

Mama Wawili, Moshi mjini
Hapo juu pamesemwa kweli, nami naongeza la sheria. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 polisi wanaweza kudai taarifa za mwandishi kutoka kwa mwenye tovuti. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alitiwa hatiani Aprili 2020 kwa kuzuia uchunguzi, kwa kuwa hakuwapa polisi taarifa za mwandishi, akaamriwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja. Usiri wako, baba, unategemea mtu usiyemjua akubali kuumia kwa ajili yako, na hilo si haki kwake wala kwako.

Mwanaushirika mstaafu, Arusha
Mimi naona katibu naye anastahili kumjua anayemtuhumu, maana wapo wanaochafua watu kwa majina ya kubuni. Lakini anayeweza kunyimwa pembejeo kesho hawezi kulazimishwa kusimama peke yake. Wakala wa Vipimo hukagua mizani; pelekeni malalamiko mkiwa wengi, muwe mmetia saini pamoja.

Mkulima, Moshi Vijijini
Nashukuruni sana. Nimefuta rasimu yenye tarehe. Jioni hii nakwenda kwa wenzangu watatu ambao nao walipungukiwa.